Siku ya kungoja mzigo Istanbul: uangalie nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye fremu ya nguo Kariakoo. Anaandika: "Nimekwenda Istanbul mara kadhaa kuchukua mzigo. Nafikia Laleli, nanunua Laleli, nalala Laleli, narudi. Nyumbani wananicheka kwamba nimekwenda Uturuki na sikuona kitu, na jibu sina. Safari ijayo nitakuwa na siku moja au mbili tupu nikisubiri mzigo ufungwe. Misikiti mikubwa nimeshapiga picha zake. Sasa nataka kuona watu wanavyoishi. Naanzia wapi? Na nikisimama tu barabarani naangalia watu, si nitaonekana mwizi?"

Dada yangu, kwanza nikutoe wasiwasi. Laleli ni Istanbul kabisa. Hao wanaokucheka wanadhani mji ni yale majengo yanayochapwa kwenye kalenda. Mtaa ule una historia yake, na wewe umo ndani yake. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, watu wa Urusi, Ukraine na nchi za jirani walianza kumiminika pale na mabegi matupu, wanajaza nguo, wanarudi kuuza kwao. Ndiyo maana mpaka leo mabango mengi ya maduka yana maandishi ya Kirusi, na muuzaji anaweza kukutajia bei kwa Kirusi kabla hajakumbuka kwamba wewe hukijui. Wakaja Waarabu, wakaja watu wa Afrika Magharibi, mkaja ninyi wa Kariakoo. Mzee wa Kituruki anayekunywa chai ng'ambo ya barabara, akimtazama dada wa Kitanzania anavyobishania bei ya gauni kwa kuonyeshana namba kwenye kikokotoo, anatazama tukio la kawaida kabisa la mji wake. Tukio lenyewe ni wewe.

Kwa hiyo mahali hapana kosa. Kasoro iko kwenye saa. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaozungumza Kiswahili mjini humo, na karibu wote huja na orodha ileile: sehemu kumi za kuona, zote kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Hizo ndizo saa ambazo mji umevaa nguo za wageni. Mimi huwashauri kinyume chake: chagua sehemu moja, uende saa tatu tofauti. Maisha ya kila siku hayajafichwa popote, ila yana ratiba, na ukifika nje ya ratiba utakuta ukuta na duka lililofungwa.

Anza na hapohapo Laleli. Siku yako tupu, toka hotelini saa moja na nusu asubuhi. Simu yako haikubadilisha saa ulipotua, kwa sababu tangu 2016 Uturuki imebaki mwaka mzima kwenye saa ileile tunayotumia Dar es Salaam. Ila jua halifuati mkataba huo. Istanbul iko mbali kaskazini, na pia ni magharibi ya kwetu, hivyo mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Saa moja ya kwetu ni mwanga. Kule ni giza totoro, na ndani ya giza hilo utaona watoto na mabegi ya shule wakivuka barabara, mama kamshika mmoja mkono, taa za duka la mkate zinawaka, na muuza simit, ule mkate wa mduara uliopakwa ufuta, ameshapanga mkokoteni wake. Ukienda Juni mambo yanageuka. Saa mbili usiku bado kuna mwanga, wazee wako nje kwenye viti na watoto hawajaitwa ndani. Jambo hili tu, kwamba watu wenye saa sawa na yako wanaishi siku yenye umbo jingine, halimo kwenye picha yoyote ya msikiti.

Maduka yakianza kufunguliwa, usinunue. Simama kwenye kibanda cha chai na uangalie mauzo ya kwanza ya siku. Wapo wauzaji wanaoigusisha noti ya kwanza kidevuni, wapo wanaoidondosha sakafuni kwanza ndipo waiokote. Wanaamini mauzo hayo ndiyo yanayofungua riziki ya siku nzima, na hawapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Wewe ni mfanyabiashara, maana yake kwenye bei sina haja ya kukufafanulia.

Halafu mfuate mbeba chai. Kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ningekupa huu. Karibu kila jengo la biashara pale, na kila hani ya zamani, yaani jumba la kale la wafanyabiashara, kuelekea Soko Kuu lenye paa, lina kichumba cha chai, mara nyingi chini ya ngazi: birika mbili zilizopandana, bilauri ndogo zenye kiuno, sinki. Mtu mmoja anatoka na sinia inayoning'inia kwa vyuma vitatu vilivyokutana juu kwenye pete, ili ayumbe bila kumwaga. Mwangalie anapita wapi. Kuna duka anaingia bila kuitwa. Kuna duka analipita kama halipo. Maduka mengi hayamlipi pesa pale pale. Wamenunua vidonge vya plastiki mapema, na kila bilauri inalipwa kwa kidonge kimoja. Baada ya muda anarudi kuokota bilauri tupu zilizoachwa kwenye vizingiti, juu ya maboksi, hata juu ya boneti ya gari. Ukimfuatilia kwa nusu saa utakuwa umejua nani ana wageni leo, nani hana biashara, nani na nani wanakaa pamoja. Umekunywa chai hiyo mara nyingi bila kuuliza ilikotoka. Inalimwa Rize, pwani ya Bahari Nyeusi, na Waturuki wanaongoza duniani kwa unywaji wa chai ukigawa kwa kichwa. Haina maziwa, sukari inakaa kando kwenye kisahani, na hakuna anayeinywa kwa haraka kwa sababu ndiyo inayomweka mteja kitini. Hilo nalo unalijua.

Sasa shuka. Toka Laleli, pita Beyazıt, zunguka ukuta wa Soko Kuu ufuate vichochoro vinavyoteremka mpaka baharini Eminönü: Mercan, Uzunçarşı, Tahtakale, Mahmutpaşa. Watalii huikwepa njia hii kwa kupanda tramu, na ni hasara yao. Hapa ndipo watu wa Istanbul wenyewe wanakuja kununua sufuria, mizani, mapazia, mbegu, kamba, vifungo. Mahamali wanapanda mlima wamevaa mto mnene wa ngozi mgongoni, juu yake mzigo wa kutosha kujaza bajaji. Sikiliza wanavyoomba njia, na angalia nani anasogea na nani hasogei. Mahmutpaşa kuna maduka ya nguo za harusi, na katikati yake maduka ya mavazi ya watoto wa kiume wanaokwenda kutahiriwa: joho jeupe lenye manyoya, kofia, fimbo ya kifalme, na mshipi ulioandikwa Maşallah. Tafuta dirisha moja usimame. Utaona bibi, mama, shangazi na mtoto mwenyewe, miaka sita au saba hivi, amegeuzwa mfalme na hajui kama afurahi au akimbie. Wanawake watatu wana maoni matatu kuhusu kofia. Baba amesimama nje anavuta sigara. Jando la Kituruki limepita mbele yako bila kiingilio.

Chakula cha mchana usikile Eminönü. Rudi kidogo juu upande wa Süleymaniye. Msikiti wenyewe, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika 1557, umeshaupiga picha. Mimi nakupeleka kwenye ile safu ya mikahawa mbele yake inayouza maharage meupe yaliyochemshwa kwa nyanya na siagi, wali pembeni, na achari. Ndiyo, dada, wali maharage. Fika saa sita na nusu mchana uone nani anakula: wanafunzi wa chuo, mafundi, maofisa wenye tai, wote meza za karibu, wanamaliza kwa dakika kumi na tano wanaondoka. Mkate uko mezani na unaula utakavyo.

Hapo nina neno. Mgeni wa kwetu akiona kitu kinachofanana na cha nyumbani hufurahi, akaishia hapo. Kufanana ni mlango tu. Kazi inaanza pale vitu viwili vinapoachana. Pale Eminönü utaona wachuuzi wa barabarani wakikunja turubai mbio kwa sababu askari wa manispaa wanakuja. Utacheka, utasema mgambo na machinga hawa hapa. Usicheke ukaondoka, baki uone wanarudi baada ya muda gani, nani aliyewapa taarifa, na wenye maduka nyuma yao wanaonekana kufurahi au kukasirika. Hivyohivyo kila mtaa una mkuu wake aliyechaguliwa kwa kura, muhtar, ana kiofisi kidogo chenye bendera na picha ya Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, utasema. Sawa. Basi tazama mlangoni pake wanaingia watu wa aina gani, wazee au vijana, na wanatoka na karatasi au wanatoka na mikono mitupu.

Alasiri nenda Daraja la Galata. Najua umelipita kwa tramu. Lilikamilika mwaka 1994, baada ya lililotangulia kuungua 1992, na wavuvi walihamia jipya kama vile hakuna kilichotokea. Simama katikati yao walau dakika arobaini. Hiyo ni muda mrefu kuliko unavyodhani; dakika kumi za kwanza utaona fimbo tu. Kisha utaanza kuona utaratibu. Kila mtu ana nafasi yake kwenye ukingo, na anayefika hachomeki fimbo popote atakapo. Mshipi mmoja una ndoano nyingi ndogo zenye manyoya badala ya chambo, hivyo akibahatika anapandisha samaki wanne, watano kwa mpigo. Wengi ni istavrit, samaki wa urefu wa kiganja, anayeishia kwenye ndoo ya maji au chupa kubwa iliyokatwa shingo. Mishipi miwili ikisokotana, wenye nayo hawagombani. Wanainama pamoja kuifungua, na mara nyingi mwenye haraka zaidi ndiye anayekata wake. Yuko mtu anayepita na termosi ya chai. Yuko anayeuza ndoano na vizito vya risasi vya kuzamisha mshipi. Kuna vijana walioacha shule mapema leo, wastaafu, baba aliyekuja na binti yake. Ukiwa na bahati utamkuta mwanamke mwenye fimbo yake mwenyewe na hana habari na yeyote. Chini ya miguu yao, ghorofa ya chini ya daraja, mikahawa inawauzia wageni samaki kwa bei ambayo huyu wa juu hajawahi kulipa.

Mpiga picha Ara Güler, aliyezaliwa Istanbul 1928 na kufariki huko 2018, alijenga jina lake kwa watu wa aina hii: wavuvi, makuli wa bandarini, walevi wa vilabu vya usiku, abiria wa mvua. Makasri yapo kwenye picha zake, ila mara nyingi yako nyuma, kwenye ukungu. Mwenyewe alishikilia kwamba yeye ni mwandishi wa habari wa picha, hakutaka kuitwa msanii. Nadhani alikuwa sahihi, na wewe pia usijitwike usanii. Ripoti ulichokiona.

Nikisema ripoti nina maana ya kuandika. Usiku ukifika hotelini, andika kwenye simu mambo matano, na usiandike sifa. "Watu wakarimu", "mji mzuri", "maisha ya haraka" ni maneno unayoweza kuyaandika ukiwa Kariakoo bila kupanda ndege. Andika kitendo: nani alifanya nini, saa ngapi, kwa nani. Mzee alimwekea paka maji kwenye kopo la jibini kabla hajafungua duka. Mwanamke wa ghorofa ya tatu alishusha kikapu kwa kamba, muuza duka akaweka mkate na chenji, kikapu kikapanda. Hicho cha kikapu bado kipo mitaa ya Fatih na Balat, lakini lazima upite kichochoroni na uinue kichwa. Kwenye baadhi ya maduka ya mkate utaona watu wakilipia mikate miwili na kuchukua mmoja. Wa pili unabaki kwa ajili ya yeyote atakayekuja hana kitu, na hamjuani. Kaa karibu uone mkate huo unavyoombwa: mara nyingi kwa sauti ya chini, na muuzaji hainui macho.

Jioni panda kivuko Eminönü kwenda Kadıköy, saa kumi na moja na nusu hivi, watu wakirudi makwao. Unagusa kadi ileile ya tramu. Wewe umezoea pantoni la Kigamboni, kwa hiyo utashangaa kwamba hapa kila mtu anakaa, tena wengi wanakaa palepale walipokaa jana. Safari ni dakika ishirini na kitu, kutoka bara moja kwenda jingine, na hakuna anayeangalia dirishani ila wageni na wapenzi. Wenyeji wanasoma, wanasinzia, wanamrushia shakwe kipande cha simit bila hata kugeuza shingo. Kaa nje kama baridi inavumilika. Tarehe nayo angalia: ukijikuta huko Novemba 10, uwe barabarani saa tatu na dakika tano asubuhi. Ndiyo dakika aliyofariki Atatürk mwaka 1938. Ving'ora vinalia, vivuko vinapiga honi, magari yanasimama na watu wanatoka nje ya magari yao. Kisha kila mtu anaendelea na safari. Na ikiwa ni Ramadhani, utaamshwa daku na mpiga ngoma anayepita mitaani, jambo ambalo mtu wa Unguja au Tanga hatalishangaa. Wewe mshangae siku anapopita mlango kwa mlango kukusanya kifuta jasho.

Sasa la kuonekana mwizi. Ni swali la haki, na wanaolidharau ni wanaume ambao hawajawahi kusimama peke yao kwenye kona ya mji wa watu. Mtu anayetiliwa shaka ni yule asiye na shughuli mkononi. Shika bilauri ya chai, simit, mfuko wa machungwa, na utakuwa mmoja wao. Simama ambapo wengine wamesimama: kituo cha basi, ukingo wa daraja, ngazi za msikiti, benchi la bustani. Ukipita mtu anafanya kazi, mwambie "kolay gelsin", kama ambavyo kwetu ungempa pole na kazi. Nyuso hulegea papo hapo. Vilinge vya kahawa vya mtaani vyenye wanaume peke yao wanaocheza tavla na okey, viache. Hutafukuzwa, ila kila mchezo utasimama kwa ajili yako, na ulichokuja kukiona kitakuwa kimekwisha. Tafuta bustani za chai zenye familia.

Simu iache mkobani nusu saa ya kwanza ya kila mahali. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwa ishara. Wavuvi na wauzaji wengi hukubali, wanawake wa mitaa ya kidini wengi hukataa, na askari usiwaguse kabisa. Mng'arisha viatu akidondosha brashi mbele yako, mwache aiokote mwenyewe. Ukimwokotea atakung'arishia kiatu kwa shukrani, kisha shukrani hiyo itakuwa na bei. Na pasipoti tembea nayo. Ukaguzi wa karatasi za wageni ni wa kawaida Aksaray, Laleli na Kumkapı, na ngozi yetu huwa ya kwanza kusimamishwa. Sisemi ni haki. Nasema usimamishwe ukiwa nayo, umalize kwa dakika mbili, uendelee kutembea.

Siku yenyewe ichague vizuri. Jumapili Soko Kuu limefungwa na Laleli maduka mengi yameshusha milango, kwa hiyo teremka pwani upande wa Yenikapı na Samatya, ambako familia zinatandika mikeka kwenye majani, zinachoma nyama kwa mkaa na kuchemsha chai hapohapo. Lakini ukiweza, omba mzigo ufungwe Jumatano. Siku hiyo mitaa inayozunguka Msikiti wa Fatih, mwendo wa miguu kutoka hotelini kwako, inageuka gulio la wenyeji: zeituni, jibini, vitambaa, ndala, soksi, vijana wanaonadi kwa sauti za kukauka, akina mama na vitoroli vyao vya magurudumu mawili. Nenda asubuhi uone wanavyopanga, kisha urudi jioni wanapotaka kufunga, bei zinapoanguka na wanaokuja kununua si wale wa asubuhi. Linganisha mikoba yao. Na uende na mfuko wako, kwa sababu najua hutarudi bila kununua.